Kupanga Siku ya Kuhamia Kanada Baada ya Ukaazi wa Kudumu wa Udhamini wa Familia Kukubaliwa

Ombi la ukaazi wa kudumu kwa udhamini wa familia husubiriwa kwa muda mrefu kiasi kwamba jibu linapofika, watu wengi hukimbilia tiketi. Mwenzi aliyeko Toronto au Calgary anahesabu siku, ndugu wanataka kuandaa kuagana, na mwajiri bado hajaambiwa lolote. Ushauri wangu ni kwamba tiketi iwe jambo la mwisho, au karibu na mwisho, kwa sababu siku uliyokubaliwa siyo inayotawala safari. Zinazotawala ni tarehe mbili: ya kwanza imechapwa kwenye karatasi ya uthibitisho wa ukaazi wa kudumu, ambayo waombaji huiita COPR, na ya pili utaichagua mwenyewe, nayo ni siku utakayosimama mbele ya afisa wa mpakani na kupokelewa kuwa mkaazi. Mpaka siku hiyo ifike wewe bado ni mwombaji aliyekubaliwa, na tofauti hiyo, ingawa inaonekana ndogo, ndiyo inayoangusha familia nyingi.

Soma karatasi kabla ya kufungua kalenda

Mwenye pasipoti inayohitaji viza ya kuingia Kanada hupata vitu viwili: karatasi ya uthibitisho, na viza ya ukaazi iliyobandikwa ndani ya pasipoti. Siku ile ile unapovipokea, keti mezani, weka pasipoti upande mmoja na karatasi upande wa pili, kisha linganisha herufi kwa herufi na tarakimu kwa tarakimu: jina la ukoo, majina mengine kwa mpangilio wake, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, namba ya pasipoti. Herufi moja iliyoruka katika jina itakufuata kwenye kadi ya ukaazi, kwenye namba ya bima ya jamii (SIN, namba inayotakiwa na mwajiri) na kwenye kila ofisi utakayoingia baadaye. Kosa likionekana, iandikie Idara ya Uhamiaji, Wakimbizi na Uraia, yaani IRCC, kabla ya kusafiri. Usitie sahihi yako popote kwenye karatasi hiyo, kwa maana sahihi hutiwa mbele ya afisa siku ya kuingia.

Baada ya hapo tafuta tarehe ya mwisho wa kutumika. Wengi hudhani kwamba wamepewa mwaka mzima kuanzia siku ya kukubaliwa, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Vipimo vya afya hudumu miezi 12 tangu siku vilipofanywa, na kwa kawaida karatasi huisha pamoja na vipimo hivyo au pamoja na pasipoti, kwa kufuata kinachoisha kwanza. Tuseme ulipimwa tarehe 10 Juni na uamuzi ukatoka katikati ya Februari iliyofuata: miezi minane imekwisha kuliwa na foleni, na ulichobakiwa nacho ni chini ya miezi minne. Kama pasipoti yako inaisha mwezi Aprili, umebakiwa na miwili. Ndiyo maana ninamwambia kila anayesubiri jibu aangalie pasipoti yake sasa, akaibadilishe mapema, na aiarifu idara namba mpya mara tu anapoipata, badala ya kugundua ufupi wa muda wakati viza imekwisha kubandikwa.

Karatasi hiyo na viza yake haviongezwi muda. Vikiisha kabla hujaingia Kanada, huenda ukalazimika kuomba upya, ukalipa upya na kusubiri upya. Kwa hiyo usipange kuingia katika siku za mwisho. Ndege hucheleweshwa, mtoto hupata homa, dhoruba ya theluji hufunga uwanja, na tofauti ya saa inaweza kukufanya utue siku ambayo hukuikusudia. Mimi huhesabu majuma manne kurudi nyuma kutoka tarehe iliyochapwa, na hapo ndipo pawe mwisho wa dirisha langu, yaani kipindi ninachojiruhusu kuingia.

Mabadiliko ya familia kati ya kukubaliwa na kuingia

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kuchelewa kunaeleweka na kila mtu, lakini hili halieleweki. Ukaazi wako umekubaliwa kwa picha ya familia kama ilivyokuwa kwenye faili. Picha ikibadilika kabla hujaingia, sheria inakutaka useme, ama kwa idara kabla ya safari ama, kama imeshindikana kabisa, kwa afisa mpakani kabla hajakupokea. Kuoa, kuolewa, kuanza kuishi na mtu kama mume na mke, kutengana na mwenzi aliyekudhamini, kuzaliwa kwa mtoto, kuasili mtoto: yote haya ni habari ambazo hazina budi kufika kwenye faili.

Mtu ambaye hukumtaja, naye hakuchunguzwa, kabla hujawa mkaazi wa kudumu anaweza kufungiwa mlango wa kudhaminiwa nawe baadaye kama ndugu wa familia. Tangu Septemba 2019 kumekuwa na sera ya muda inayolegeza kizuizi hicho kwa baadhi ya watu, lakini sera ya muda ni ya muda, na mwenye busara hapangi maisha ya mtoto wake juu yake. Kanuni inawahusu hata wale wasiokusudia kuhama nawe. Mtoto anayebaki na bibi yake, au aliye kwa mzazi mwenzako wa zamani, anatajwa na anapimwa kama wengine, hata kama leo hakuna mwenye nia ya kumchukua.

Kwa vijana, jambo linaloogopwa siyo linalodhuru. Wazazi huhangaika kwamba mtoto anatimiza miaka 22 kabla ya safari, ilhali umri wa mtoto tegemezi kwa kawaida hugandishwa siku ombi kamili lilipopokelewa, kwa hiyo siku ya kuzaliwa inayopita katikati ya kusubiri haimwondoi. Kinachomwondoa ni ndoa. Kijana wa miaka 21 aliyekubaliwa kama mtoto tegemezi, akafunga ndoa mwezi mmoja kabla ya safari kwa kuwa familia ilitaka harusi ifanyike wakati ndugu wote wapo, hana tena sifa aliyokubaliwa nayo, na akinyamaza mpakani anaongeza kosa la kupotosha juu ya kosa la kwanza. Katika familia zenye kijana kama huyo, ratiba ya harusi izungumzwe katika kikao kile kile kinachozungumzia ratiba ya safari, hata kama wazee wataona ni kuingilia.

Mimba nayo ina hesabu yake. Mtoto atakayezaliwa kabla ya kuingia lazima aongezwe kwenye ombi na achunguzwe, na mama asisafiri kama mkaazi mpya huku akimwacha kichanga asiyejulikana kwenye faili. Kama mmoja wa wazazi ni raia wa Kanada, mtoto anaweza kuwa tayari ni raia kwa nasaba, nalo huwa ni ombi jingine lenye nyaraka zake. Mtoto anayezaliwa ndani ya Kanada huwa raia kwa kuzaliwa. Mashirika mengi ya ndege huweka kikomo cha majuma ya ujauzito na hudai barua ya daktari katika miezi ya mwisho, kwa hiyo familia iliyo katika hali hii isipime tarehe ya karatasi peke yake, bali ilinganishe tarehe tatu: ya karatasi, ya kujifungua, na ya mwisho wa kuruhusiwa kupanda ndege.

Kuhusu mdhamini, jueni kwamba ahadi yake ya kumtunza mdhaminiwa huanza kuhesabiwa siku mdhaminiwa anapokuwa mkaazi: miaka 3 kwa mwenzi, na kwa wazazi miaka 20, isipokuwa Quebec ambako kwa wazazi ni 10. Kabla ya siku hiyo anaweza kuiondoa ahadi, na baada yake hawezi, hata ndoa ikivunjika. Raia anayemdhamini mwenzi wake akiwa nje ya Kanada anatakiwa kuwa na nia ya kuishi Kanada mwenzi atakapokuwa mkaazi, kwa hiyo wanandoa wanaoishi wote nje wapange kuingia pamoja, au raia atangulie kutafuta makazi. Mdhaminiwa kuingia peke yake huku mdhamini akibaki nje kwa mkataba wa kazi wa mwaka mzima ni mpango unaokaribisha maswali. Na kama ombi lina mwombaji mkuu na wanaomfuata, mwombaji mkuu aingie kwanza au waingie pamoja. Watoto hawatangulizwi kwa shangazi ili wawahi shule.

Kuchagua siku ndani ya dirisha

Ukishajua mwisho wa dirisha, hesabu kurudi nyuma. Muda wa notisi kazini, mwisho wa mkataba wa nyumba, mihula ya shule na hati za kukusanya vinapangwa kuanzia siku ya kuingia kuelekea leo. Usiache kazi wala usiuze gari kabla viza haijarudi ndani ya pasipoti yako, ukaisoma na kuiona haina kosa. Barua pepe ya kukubaliwa ni habari njema, lakini shirika la ndege halimpandishi mtu kwa barua pepe hiyo.

Jimbo unalokwenda linabadilisha hesabu kuliko watu wanavyodhani, na mfano mzuri ni bima ya afya. Ontario iliondoa muda wa kusubiri mwaka 2020, na mkaazi mpya hujiandikisha na kuanza kutibiwa. Quebec wengi husubiri hadi miezi mitatu. British Columbia hungoja siku zilizobaki za mwezi uliofika, pamoja na miezi miwili zaidi. Anayefika Vancouver, mji wa jimbo hilo, tarehe 30 Aprili anaanza kulindwa tarehe 1 Julai, na anayefika tarehe 2 Mei anangoja hadi tarehe 1 Agosti. Siku mbili za tiketi zimezaa mwezi mzima wa kununua bima binafsi. Kwa mwenye ugonjwa wa kudumu, au mzazi mzee aliyedhaminiwa na mwanawe, hesabu hii inastahili kuzingatiwa kabla ya bei ya tiketi, na bima ya kipindi cha kusubiri inunuliwe kabla ya kuondoka, pamoja na dawa za kutosha katika vifungashio vyake na barua ya daktari.

Mwaka wa shule katika majimbo mengi huanza mwanzoni mwa Septemba, Quebec mwishoni mwa Agosti. Mtoto anayefika Julai hupata muda wa kuzoea kabla ya darasa, na anayefika Februari huingia katikati ya wenzake waliokwisha kufahamiana, tena wakati wa baridi kali. Sisemi kwamba baridi izuie safari. Ninasema kwamba Winnipeg mwezi Januari, ambako usiku kushuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni jambo la kawaida, siyo mahali pa kuanzia na koti la kununua kesho yake. Mikataba mingi ya nyumba huanza tarehe 1 ya mwezi, na Quebec sehemu kubwa ya mikataba hubadilika tarehe 1 Julai, siku ambayo magari ya kuhamia huadimika na bei zake kupanda.

Kodi ya mapato husahauliwa na karibu kila mtu. Kwa sheria ya kodi, ukaazi hutazamwa kwa mizizi uliyoiweka Kanada, na mizizi mikubwa ni nyumba, mwenzi na watoto tegemezi. Aliyedhaminiwa na mwenzi anayeishi Kanada, akiingia kukaa, kwa kawaida huanza kuwa mkaazi wa kodi siku hiyo hiyo, na kuanzia hapo mapato yake ya dunia nzima, hata kodi ya pango anayokusanya kwenye nyumba aliyoiacha, yanatangazwa Kanada. Anayetarajia malipo makubwa ya kumaliza kazi au ya kuuza mali ana sababu ya kuuliza mhasibu kama ayapokee kabla ya kuingia. Sheria hiyo pia huichukulia sehemu kubwa ya mali ya mgeni kana kwamba ameinunua siku aliyoanza kuwa mkaazi, kwa bei ya soko ya siku hiyo, kwa hiyo mwenye kiwanja au nyumba atafute ripoti ya mthamini yenye tarehe iliyo karibu na siku ya kuingia. Ripoti hiyo ya kurasa chache itamwokoa miaka kumi baadaye atakapouza na kuulizwa faida yake ilianzia wapi.

Kuingia kwa muda mfupi na kurudi kumalizia mambo

Karatasi ikiwa inakaribia kuisha na mambo ya nyumbani hayajaisha, inaruhusiwa kuingia, kukamilisha taratibu, kisha kurudi ulikotoka kwa miezi kadhaa. Sharti la ukaazi ni kuwa ndani ya Kanada siku 730 katika kila miaka 5, na siku unazoishi nje ukiwa pamoja na mwenzi wako aliye raia wa Kanada huhesabiwa kuwa sawa na siku za ndani. Kwa sharti hilo miezi sita ya kurudi haikutishi. Kwa uraia ni tofauti, kwa sababu zinahitajika siku 1,095 za kuwepo kimwili katika miaka 5 kabla ya kuomba, kwa hiyo kila mwezi unaokaa nje unasogeza mbele siku ya uraia.

Kikwazo cha mpango huu ni kadi. Kadi ya kwanza ya ukaazi hutumwa kwa posta, kwenye anwani ya Kanada tu, na huchukua majuma kadhaa, pengine zaidi. Anwani hiyo itolewe ndani ya siku 180 tangu kuingia, la sivyo utaomba kadi upya na kuilipia. Sasa fikiria mtu aliyeingia Machi, akakaa siku kumi na kurudi kabla kadi haijafika. Viza yake ilikuwa ya kuingilia mara moja na imekwisha kutumika. Shirika la ndege halitampandisha kwa karatasi ya uthibitisho peke yake, naye atalazimika kuomba hati ya safari ya mkaazi wa kudumu kwa ada ya dola 50 za Kanada na kusubiri uamuzi, au mdhamini wake apokee kadi na kumpelekea kwa njia salama. Anayetaka kuingia na kurudi akae mpaka kadi ifike kama anaweza. Asipoweza, aweke muda wa hati hiyo ya safari ndani ya ratiba yake ya kurejea.

Vitu vinavyokuja na vitakavyofuata

Orodha ya mizigo huandikwa kabla ya siku ya kuingia, ndiyo maana ninaiweka katika kupanga tarehe. Mkaazi mpya huruhusiwa kuingiza bila ushuru vitu vyake vya nyumbani na vya binafsi alivyokuwa navyo, akavimiliki na kuvitumia kabla ya kufika. Andaa orodha mbili zenye thamani kwa dola za Kanada, moja ya ulivyonavyo mkononi na nyingine ya vitakavyofuata, na uzitoe zote siku ya kwanza ya kuingia. Kisichoandikwa kwenye orodha ya pili siku hiyo kinaweza kutozwa ushuru kitakapofika. Andika kwa undani: mkufu wa dhahabu, uzito wake, picha yake na thamani ya mthamini, kompyuta, aina yake na namba yake ya usajili. Maneno kama vito mbalimbali hayamsaidii afisa wala wewe. Fedha au hundi zenye thamani ya dola 10,000 za Kanada au zaidi hutangazwa. Kubeba si kosa, kuficha ndiyo kosa.

Siku yenyewe

Taratibu za kuwa mkaazi hufanyika katika uwanja wa kwanza wa Kanada unaotua, siyo katika mji unakokwenda. Anayekwenda Winnipeg kupitia Toronto atakamilishwa Toronto, kwenye chumba cha uhamiaji ambacho foleni yake haitabiriki, kisha atakwenda forodhani na orodha zake. Tiketi yenye saa moja na nusu ya kuunganisha ndege haifai. Mimi nisingekubali pungufu ya saa nne, na kwa familia yenye watoto wadogo ningelala hapo usiku mmoja. Karatasi za uthibitisho, pasipoti, vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa, orodha za mizigo na anwani ya Kanada pamoja na namba yake ya posta vikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku lililopita chini ya ndege.

Afisa atauliza maswali machache: kama umewahi kutiwa hatiani, kama una mwenzi au watoto ambao hawamo kwenye karatasi, kama hali ya ndoa ni ile ile, na utaishi wapi. Jibu kwa ukweli na kwa ufupi. Atakuonyesha mahali pa kutia sahihi, ataandika tarehe na kukurudishia nakala. Hakikisha tarehe hiyo imeandikwa sawasawa kabla hujaondoka dirishani, kwa sababu kurekebisha baadaye ni barua na miezi, na karatasi hiyo iliyosainiwa utaihitaji kuombea namba ya bima ya jamii, bima ya afya na hatimaye uraia, hata baada ya kadi kufika.